Kwa Nini Mwezi Hautuonyeshi Mgongo

Liko swali moja ambalo Bibi Naetwe, mfinyanzi wa siku nyingi, hajapata kulijibu, naye hulitaja mwanzoni kabisa ili mtu asije akamdai jibu mwishoni. Swali lenyewe ni hili: mwanamke akiuzunguka mtungi mkubwa huku macho yake yakiwa kwenye mtungi, kuanzia aliposimama mpaka anaporudi palepale, je, amegeuka au hajageuka?

Huwaambia watoto wajaribu. Huweka mtungi mkavu katikati ya ua, nao huuzunguka mmoja mmoja, uso kwenye mtungi. Wanaotazama kutoka barazani husema amegeuka, maana wameuona uso wake, kisha ubavu, kisha kisogo, kisha ubavu wa pili. Mwenye kuzunguka husema hajageuka hata kidogo, maana muda wote alikuwa akitazama kitu kimoja. Hapo hubishana mpaka uji unapoa. Mwaka jana mjukuu wake Nanzia, anayesoma sekondari, alikuja likizo akamweleza kwamba mwezi nao hujigeuza mara moja tu katika kila safari yake ya kuizunguka dunia, na kwamba ndiyo sababu tunauona upande wake uleule mmoja, miaka nenda miaka rudi. Bibi Naetwe alimsikiliza mpaka mwisho. Hakumkatiza, kwa kuwa alilosema lilikuwa kweli.

"Sawa, mama," alimwambia. "Hivyo ndivyo anavyofanya. Sasa kaa nikwambie alianzaje."

Zamani sana, wakati watu walipokuwa bado hawajaanza kuhesabu miezi, Mwezi alikuwa mke mgeni katika ukoo wa nyota. Nyota walikuwa wakwe zake, nao ni wengi, wametapakaa mbele yake na nyuma yake, juu yake na chini yake, wengine karibu na wengine mbali kiasi kwamba hakuwa na hakika kama wanamwona. Adabu ya kule juu ilikuwa sawa na ya huku chini: mke aliyeolewa hampi mkwe mgongo. Basi Mwezi wa watu alijizungusha kama pia ya watoto. Kabla hajamaliza kuinamisha kichwa kwa huyu, alikwisha kumkumbuka yule aliye nyuma, akageuka, na alipogeuka akajikuta amempa mgongo yule wa kwanza. Alizunguka usiku, alizunguka mchana, kizunguzungu kikawa ndiyo hali yake.

Watu wa chini walikuwa wakimtazama, lakini hawakumtambua. Leo waliona uso mweupe, kesho ubavu wenye makovu, keshokutwa kitu kingine kabisa. Wengine walisema miezi ni mingi kama mbuzi wa tajiri, na kila siku anatolewa mmoja kwenda malishoni. Hakuna aliyesema mwezi umeandama, kwa sababu hakuna aliyejua kama huu wa leo ndio ule wa juzi. Mwezi aliwageukia wote, na hakuna aliyemjua.

Katika zama hizo palikuwa na kitongoji kikiitwa Ruvanda, kwenye mteremko wa mlima, na katika kitongoji hicho aliishi mjane mmoja jina lake Nakiete. Nyumba za Ruvanda zilijengwa kwa duara, milango yote ikitazama ua mmoja mkubwa. Mlango wa juu ulikuwa wa mzee Senzota, kaka mkubwa wa marehemu mume wa Nakiete, ambaye ndiye aliyekuwa mkuu wa ukoo. Mlango uliofuata ulikuwa wa Nantero, dada yao, aliyerudi nyumbani baada ya kufiwa na mume na kuja na ulimi wake wote. Nyumba ya Nakiete ilikuwa upande wa chini, karibu na zizi, naye aliishi humo na mwanawe wa pekee, Kajiru.

Wanawake wa Ruvanda walifinyanga vyungu vidogo. Walikaa chini juu ya mkeka, wakaweka donge la udongo kwenye kigae mbele ya magoti yao, wakakizungusha kigae kwa mkono wa kushoto huku wa kulia ukipandisha udongo. Kwa hiyo chungu ndicho kilichozunguka. Mwanamke alitulia, uso wake ukielekea mlango wa mkuu wa ukoo, kama adabu ilivyotaka. Vyungu hivyo vilikuwa vizuri, vya mboga na vya uji. Lakini mtungi wa kuweka maji ya nyumba nzima, ule unaomfika mtu kifuani, hauwezi kuzungushwa juu ya kigae. Ruvanda hawakujua kuutengeneza. Waliutoa ng'ambo ya mlima, ukabebwa na wanaume wawili kwenye machela, na mara nyingi walichofika nacho ni vigae.

Nakiete alikuwa anazeeka. Kijito kilikuwa mbali na magoti yake yalikuwa yakimsema kila alipopanda na maji asubuhi. Ndipo alipojifunga kanga, akavuka mlima mwenyewe, na kumposea Kajiru binti wa kule kwa wafinyanzi wa mitungi mikubwa. Binti huyo aliitwa Namkunda. Alikuwa mrefu, mpole, mwenye mikono mipana, na alipokuja aliingia nyumbani kwa Nakiete kama mtu aliyekuwa akisubiriwa miaka mingi. Alikuwa na tabia ya kucheka kabla hajamaliza kusimulia jambo, kwa hiyo mwisho wa hadithi zake ulikuwa hausikiki, na Nakiete alikuwa akicheka tu bila kujua anacheka nini. Tangu mume wake afe, nyumba ile haikuwahi kusikia kicheko cha namna hiyo.

Ila palikuwa na desturi. Mke mpya wa Ruvanda alihesabiwa kuwa mgeni mpaka chombo alichokifinyanga kwa mikono yake kiwekwe ndani ya nyumba ya mama mkwe, na wazee wakikubali. Chombo kikishindikana, au wazee wakikataa, alirudishwa kwao kwa heshima, na posa ikawa kama haikuwahi kuwapo. Nakiete hakuwaza sana juu ya hilo. Nani angekataa mtungi?

Namkunda aliukanda udongo, akauchanganya na vigae vilivyosagwa, akaulaza ndani ya majani ya mgomba hadi ulipokubali. Asubuhi aliyoanza kazi alipanga kitako cha mtungi katikati ya ua, penye nafasi, kisha akaanza kupandisha pindi za udongo moja juu ya nyingine. Mtungi wa namna ile hausogei, kwa hiyo yeye ndiye aliyesogea. Aliinama, mkono mmoja ndani na mwingine nje, akauzunguka kinyumenyume, hatua ndogondogo, macho yakiwa kwenye ukingo. Aliuzunguka tena na tena, akiimba kwa sauti ya puani. Nakiete alikaa mlangoni kwake akimtazama, na moyo wake ukatulia kama maji yaliyowekwa kivulini.

Mtungi ulipofika usawa wa goti, Nantero alitoka ndani akasimama kizingitini, mikono kiunoni.

"Wifi Nakiete," aliita, "huyu mkweo anatafuta nini huko chini? Maana mimi tangu asubuhi nasalimiwa na kiuno."

"Anafinyanga, wifi."

"Nami nimefinyanga tangu sijaota meno ya utu uzima. Sijawahi kumpa mtu kisogo. Tazama, sasa anampa kaka yetu. Haya, mlango wa juu umekwisha, sasa zamu yako mwenyewe. Anagawa mgongo nyumba hadi nyumba kama anagawa nyama ya sadaka."

Namkunda alisikia. Aliacha kuimba, lakini mikono hakuitoa, kwa kuwa ukingo ulikuwa bado laini.

Mzee Senzota aliitwa, akatoka. Hakuwa mtu mkali. Bibi Naetwe kila akifika hapa hutua kidogo na kusema kwamba asichukiwe, kwa sababu alikuwa na lake moyoni. Binti yake mwenyewe aliwahi kurudishwa kutoka kwa wakwe, wakisema alipita mbele ya baba mkwe akiwa amempa mgongo, na tangu hapo mzee alikuwa akitembea na aibu ile kama mwiba uliovunjikia kwenye unyayo. Aliapa kwamba nyumba yake haitasemwa tena kuwa haina adabu. Mtu aliyeumia mahali hukinga mahali palepale, hata kama pigo linakuja upande mwingine.

Alimtazama Namkunda akizunguka duru nzima. Kisha akasema taratibu, "Shemeji, hatukatazi kazi. Tunakataza mgongo. Mwambie mkweo, kila anapoupita mlango, augeukie na kuinama. Basi. Si jambo kubwa."

"Baba," alisema Namkunda kwa sauti ya chini, "nikiugeukia mlango, nitakuwa nimeuacha mtungi."

"Mtungi hauna macho, mwanangu. Sisi tunayo."

Namkunda hakubisha tena. Alirudi kwenye kazi, na alipoupita mlango wa mzee aligeuka akainama, mkono mmoja ukibaki nyuma juu ya udongo. Aliupita wa Nantero, akageuka akainama. Aliugeukia hata mlango wa zizi, kwa kuwa alikwisha kuchanganyikiwa. Kila alipogeuka mkono uliobaki nyuma uliacha alama, ukingo ukavutika upande mmoja. Jua la adhuhuri halijapita, ubavu wa mtungi uliingia ndani, pole pole, kama mzee anayekaa chini. Kisha wote ukalala.

Hata Nantero alitoa mikono kiunoni.

Namkunda aliomba ajaribu tena, akakubaliwa. Udongo ukakandwa upya, ukalazwa majanini, na siku ulipokubali akaanza. Safari hii alijifunza kugeuka upesi, kichwa tu na bega, akawasalimu wote bila kumruka mtu. Mtungi ulifika kiunoni. Nakiete alikuwa amekwisha kusimama kwa furaha. Lakini Namkunda alikuwa na kizunguzungu, na alipoinama kwa mlango wa juu alipepesuka, akaushika mtungi ili asianguke. Mtungi ukaanguka badala yake.

Alikaa chini palepale, matope hadi viwikoni. Alijifuta machozi kwa mkono wenye udongo, yakabaki mabaka mashavuni na kwenye paji la uso.

Mzee Senzota alivuta pumzi. "Shemeji, binti wa watu tunamtesa bure. Vyombo viwili vimelala. Desturi unaijua. Kajiru amsindikize kwao asubuhi, kwa heshima, na mbuzi mmoja wa kuwashukuru wazee wake."

"Shemeji, mkosaji si mikono yake," alisema Nakiete.

"Najua. Sikusema mikono yake."

Nakiete aliona nyumba yake itakavyokuwa keshokutwa: mwanawe amenyamaza pembeni, maji machache kwenye kibuyu, na hakuna mtu wa kucheka kabla ya mwisho wa hadithi. Alishuka uani, magoti yake yakimsema, akaenda kukaa katikati ya udongo ulioanguka, mahali mtungi ulipokuwa. Alianza kuuokota na kuukusanya mapajani. Hakuwa na mpango wowote. Alitaka tu mikono yake iwe na kazi.

"Mwanangu," alimwambia Namkunda, "nyanyuka. Nionyeshe ulivyokuwa ukizunguka siku ile ya kwanza, kabla hatujakuingilia. Nataka nijue kosa liliingia wapi."

"Sasa itasaidia nini, mama?"

"Nionyeshe tu. Mimi ndiye mtungi."

Namkunda alinyanyuka. Aliinama mbele ya mama mkwe wake, mikono ikiwa hewani kama inayoshika ukingo, akaanza kwenda kinyumenyume, hatua ndogondogo. Nakiete, aliyekaa pale chini, alijigeuza kwenye matako yake ili amfuate kwa macho. Alimfuata mpaka upande wa zizi, mpaka upande wa Nantero, mpaka mlango wa juu, mpaka akarudi alipoanzia. Na katika duru ile yote aliuona uso wa Namkunda. Uso uleule, wenye mabaka yaleyale ya udongo, doa kubwa shavu la kushoto, jingine dogo juu ya nyusi. Hakuona sikio. Hakuona kisogo. Alimwambia azunguke tena, kwa kuwa hakuamini, akaona vilevile.

Nakiete alicheka, na safari hii alijua anacheka nini.

"Shemeji," aliita, "njoo ukae hapa."

"Wapi?"

"Hapa nilipo. Kwenye udongo."

"Kaka, shuka yako nimeifua jana," alisema Nantero.

Mzee Senzota alitazama shuka, akamtazama mjane wa mdogo wake, ambaye miaka yote hakuwahi kumwomba kitu. Alishuka. Nakiete alimpisha, na mkuu wa ukoo akakaa kwenye matope mbele ya ukoo mzima, fimbo imelala mapajani. Namkunda akamzunguka.

Mzee alijigeuza taratibu akimfuata. Walimaliza duru. Mzee aliashiria kwa kidole azunguke tena.

"Hajageuka," alisema baada ya duru ya pili. "Huyu mtoto hajageuka. Uso wake umenitazama mimi wakati wote."

"Amegeuka, kaka," alisema Nantero kutoka kizingitini. "Nimeuona mgongo wake kwa macho yangu mawili, nikaona ubavu, nikaona pua, nikaona mgongo tena. Au unataka kuniambia nimeanza kuota mchana?"

"Huoti. Na mimi siongopi."

"Basi mmoja wetu ana lake."

"Shuka ukae hapa, halafu useme."

Nantero alishuka, akikunja nguo yake vizuri kabla ya kukaa, na mzee akaenda kusimama kwenye kizingiti chake. Namkunda akazunguka. Bibi Naetwe husema hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Ruvanda kumwona Nantero akiwa hana neno. Kule kizingitini mzee alikuwa akiuona mgongo, ubavu, uso, na mgongo tena. Pale katikati dada yake aliuona uso tu. Walibadilishana nafasi, na kila aliyekwenda katikati alisema hajageuka, na kila aliyekwenda mlangoni alisema amegeuka. Walibishana bila hasira, kama watu wanaojua kwamba hakuna anayedanganya, na bado hawawezi kukubaliana.

Jambo hili lilitokea alasiri, na angani, juu ya bega la mlima, Mwezi alikuwa ametoka mapema, mweupe kama unga uliomwagika. Alikuwa katikati ya kugeuka kwake. Alikuwa amekwisha kumwinamia nyota wa kulia na alikuwa anamkimbilia wa kushoto, ndipo sauti za uani zilipomfikia, akapunguza mwendo asikilize. Alimwona binti mwenye udongo usoni. Alizijua zile salamu za haraka, na ule mkono unaobaki nyuma.

Chini kule mzee Senzota alinyanyua fimbo, na wote wakanyamaza.

"Kama anageuka au hageuki, mimi sijui," alisema. "Labda atazaliwa mtu wa kutuambia. Lakini nikikaa hapa katikati ninajua anamtazama nani. Na nilipokuwa mlangoni nilidhani ananipa mgongo mimi, kumbe hakuwa na habari na mimi kabisa. Alikuwa na kazi." Alitazama njia itokayo uani, na Nakiete akajua kwamba anamfikiria binti yake. "Nadhani tumewahi kumdhania mtu mwingine vibaya namna hii."

Kisha akatoa uamuzi, naye akautoa akiwa amesimama, matope yakimtiririka kwenye shuka. Alisema mtu anayezunguka kazi yake, uso wake ni wa ile kazi. Walioko pembeni watapata ubavu na mgongo, na hilo halitakuwa tusi kwa yeyote. Anayetaka kuuona uso wa mwenye kazi aende katikati, akachafuke. Na Namkunda haendi popote asubuhi, ila kijitoni kuchota maji ya kukandia udongo.

"Umeridhika, dada?" aliuliza.

"Mimi nilitaka salamu tu," alisema Nantero. "Lakini basi. Asubuhi atanisalimu kabla hajaanza."

"Nitakusalimu, shangazi," alisema Namkunda. "Nitakuja mpaka ndani."

Uamuzi ukawa umetolewa, lakini Namkunda hakuweza kuutekeleza siku ile. Udongo ukishaanguka mara mbili huwa umechoka. Ni lazima ukandwe na kulazwa. Kwa hiyo wa kwanza kuutekeleza hakuwa yeye.

Mwezi, juu ya bega la mlima, alikuwa bado amesimama. Maisha yake yote alikuwa akijizungusha kuwatazama waliokaa pembeni, na hakuwahi kujiuliza ni kitu gani anachokizunguka. Sasa akainamisha macho. Katikati ya njia yake, mahali ambapo mtungi hukaa, ilikuwapo Dunia: ya mviringo, yenye maji, bado inang'aa ubichi upande mmoja, na juu yake ua mdogo wenye watu waliochafuka matope wakicheka. Ilikuwa hapo siku zote. Alikuwa akiizunguka tangu alipoolewa, lakini hakuwahi kuitazama kwa utulivu hata mara moja, kwa sababu Dunia haikumdai salamu.

Aliigeuzia uso, akaanza kutembea. Hatua moja, anaitazama. Hatua nyingine, anaitazama. Nyota waliokuwa nyuma yake waliuona mgongo wake, wakaguna, yeye hakusita. Alipofika upande wao waliuona ubavu, na wale wa ng'ambo wakapata zamu yao ya kuguna. Kizunguzungu kilimtoka taratibu, kama vumbi linavyotua ndani ya maji. Na alipomaliza duru nzima akarudi juu ya bega la mlima, watu wa Ruvanda walitoka nje wakamtazama, na kwa mara ya kwanza tangu kuumbwa kwake wakasema, "Ni yuleyule." Walimjua kwa mabaka yake, yale ya udongo yaliyoko kwenye paji na shavuni, ambayo kila mfinyanzi huyapata akijifuta uso kabla hajanawa mikono. Walimjua alipokuwa mzima, wakamjua pia kivuli kilipomla nusu, kwa kuwa hata ile nusu iliyobaki ilikuwa na madoa yaleyale mahali palepale. Ndipo walipoanza kusema mwezi umeandama, na mwezi umepita, na mtoto huyu ana miezi kadhaa. Haiwezekani kumhesabu mtu usiyemtambua.

Kufikia wakati huo mtungi wa Namkunda ulikuwa umekwisha kuchomwa. Ulimfika mtu kifuani. Kajiru na vijana wengine waliuingiza ndani ya nyumba ya Nakiete kwa ubavu, maana mlango ulikuwa mwembamba, na mzee Senzota ndiye aliyemimina maji ya kwanza. Kisha mzee alituma mtu kwa wakwe wa zamani wa binti yake. Kilichosemwa huko, Bibi Naetwe hakijui, na hapendi kubuni.

Ndiyo maana, husema, ukitoka nje leo ukautazama mwezi, unaona kilekile alichokiona bibi wa bibi yako, na atakachokiona mjukuu wa mjukuu wako. Nanzia alimwambia kwamba siku hizi watu wamepeleka vyombo vyao mpaka nyuma ya mwezi, wakaupiga picha mgongo wake, na akamwonyesha picha yenyewe kwenye simu. Bibi Naetwe aliitazama sana, akaisogeza mbali na macho, akairudisha karibu. Alisema ni mgongo mzuri, hauna madoa mengi, kama inavyotarajiwa kwa mgongo wa mfinyanzi. Udongo humrukia mtu usoni. Kisha akamrudishia simu yake.

Alisema nyota wameuzoea mgongo ule, na ya kwamba hawaguni tena. Ila sisi hatukai pembeni. Uamuzi ulitolewa na mzee aliyekuwa na matope kwenye shuka, kwa ajili ya binti aliyekuwa karibu kurudishwa kwao, na Mwezi ndiye aliyetangulia kuutekeleza, jioni ileile, kabla ya binti mwenyewe. Tangu jioni hiyo yumo kazini, anatembea kinyumenyume, uso kwenye mtungi.